Safari ya Antaktika: siku yako ina wasimamizi, msimu mzima hauna

Dada mmoja ameniuliza swali, nalifupisha. Ameweka akiba kwa muda mrefu ili aende Antaktika kwa meli, alikuwa karibu kulipia, halafu akasoma kwamba watalii ndo wanaimaliza ile sehemu na sasa roho inamsuta. Anataka kujua je aende au aache. Anataka kujua pia nani anawasimamia watalii mahali ambapo hakuna serikali. Na la tatu ni meli, rafiki yake kamwambia bora achukue ile kubwa ya abiria maelfu kwasababu kule watu hawashuki, wanaangalia tu wakiwa juu, kwa hiyo hawaharibu kitu. Mi nimefanya kazi ya kuongoza wageni kwenye safari za namna hii na baadae nikawa upande wa vibali na tathmini za mazingira, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Dada yangu, kwenda unaweza, ila sio na kila kampuni na sio kila mahali. Ile siku yako ukiwa ufukweni imesimamiwa vizuri kuliko unavyofikiri, pengine vizuri kuliko hifadhi nyingi zenye mageti na askari. Kinachoninyima raha mimi ni jumla ya siku zote za watu wote, kwasababu hakuna hata mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema msimu huu imetosha, meli zilizobaki zirudi.

Nianze na hilo la serikali maana ndo mzizi wa yote. Antaktika haina mwenyewe. Nchi saba zinadai vipande vyake, na madai ya Uingereza, Argentina na Chile yanapandana palepale kwenye Rasi ya Antaktika ambako watalii wengi ndo wanapelekwa, lakini Mkataba wa Antaktika uliosainiwa Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12 uliyaweka madai yote kiporo, hakuna anayeyakubali wala kuyafuta, watu wafanye sayansi kwa amani. Mwaka 1991 ikaongezwa Itifaki ya Madrid ambayo ilianza kutumika 1998, hiyo ndo iliyopiga marufuku uchimbaji madini na ikasema kila shughuli, utalii ukiwemo, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijafanyika. Sasa nani anakagua hiyo tathmini? Nchi ambayo safari imeandaliwa au kampuni imesajiliwa. Kwa hiyo meli mbili zinaweza kutia nanga ghuba moja, moja ina kibali cha Ujerumani nyingine cha Marekani, kila mmoja na ukali wake, na pale ufukweni hakuna ofisa wa kukagua chochote. Anayekusimamia kwa macho ni kiongozi wako wa safari, ambaye ameajiriwa na kampuni uliyoilipa.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni vurugu tupu, lakini sivyo. Makampuni yenyewe yalijua mapema kwamba yakiharibu yatafungiwa, basi mwaka huohuo wa 1991 makampuni saba yakaunda chama chao, IAATO, ambacho leo karibu kila meli ya kitalii inayokwenda kule ni mwanachama wake. Kanuni zao zinaeleweka na zinafuatwa. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Ufukweni wasizidi wageni 100 kwa wakati mmoja, na kuna sehemu wanaruhusiwa pungufu ya hapo. Meli moja tu kwenye sehemu moja kwa wakati mmoja, na kila wageni 20 angalau wawe na mwongozaji mmoja.

Siku ya kushuka ilivyo ni hivi. Kabla hata hujaona barafu mnaitwa na nguo zenu za nje, viatu, mabegi, miguu ya kamera, kila kitu, mnapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye mifuko na kwenye zile gundi za kubandika na kubandua, mnachokonoa soli kwa sindano kutoa mbegu. Watu wengine huona ni mchezo wa kuigiza, mimi nakwambia hapana, kwenye kisiwa cha King George kuna nyasi za kigeni, Poa annua, zilizoota karibu na kituo cha utafiti na imekuwa kazi ya miaka kuzing'oa. Na ukitaka kujua, utafiti wa msimu wa 2007-08 uliohesabu mbegu kwenye nguo na mabegi ya wanaoingia kule ulikuta wastani wa mbegu kama 9 na nusu kwa kila aliyekutwa nazo, na wanasayansi walibeba nyingi kwa kila mtu kuliko watalii. Sisemi hivyo kuwatetea watalii, nasema uchafu hauulizi umekuja kwa kazi gani.

Ukishuka kwenye boti ya mpira unaosha viatu kwa dawa, ukirudi unaosha tena. Pengwini unakaa mbali mita 5 angalau, sili wenye manyoya mita 15 maana wale wanang'ata na wanakimbia kuliko unavyodhani. Pengwini akija mwenyewe unasimama kimya unamwacha apite, na zile njia zao walizozichimba kwenye theluji kwa kupita kila siku hazikanyagwi, ukikanyaga ukaacha shimo la mguu unalifukia hapohapo kwasababu pengwini akiingia humo na miguu yake mifupi anaweza kukwama. Chakula hakishuki. Haja ndogo hakuna, unarudi melini. Tangu homa kali ya ndege, ile H5N1, ilipofika visiwa vya South Georgia mwishoni mwa 2023 na kuthibitishwa kwenye Rasi yenyewe Februari 2024, wageni wanaambiwa wasikae chini, wasipige magoti, wasiweke begi ardhini, chochote kinachogusa ardhi kiwe ni kiatu ulichoosha. Nimeona watu wazima wanalalamika kwamba wamelipa pesa nyingi halafu hata kukaa kwenye jiwe wanakatazwa. Wale ndege hawana daktari wala chanjo. Kiatu chako kikibeba ugonjwa kutoka kundi moja kwenda jingine, umewaua wewe.

Pale Port Lockroy, kituo cha zamani cha Waingereza cha mwaka 1944 ambacho sasa ni makumbusho na posta, wamefanya jambo ambalo mi nalipenda sana, sehemu moja ya kile kisiwa kidogo wageni wanaruhusiwa na sehemu nyingine imefungwa kabisa, halafu wanahesabu viota na vifaranga vya pengwini pande zote mbili mwaka baada ya mwaka ili walinganishe. Huo ndo usimamizi. Sio kuweka bango tu, ni kupima.

Haya, sasa jumla. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wanakwenda watu kama elfu sita au saba kwa msimu. Msimu wa 2022-23 walivuka 100,000 na hawajashuka chini ya hapo tena. Utasema bara lile ni kubwa kuliko Ulaya, watu laki moja ni nini? Shida ni kwamba ardhi isiyofunikwa na barafu kule haifiki hata asilimia moja, na hiyohiyo ndo pengwini wanataga, ndo kile kijani kidogo kinaota juu ya mawe, ndo vituo vya utafiti vimejengwa, na ndo boti yako inaweza kutua. Halafu msimu wa watalii ni Novemba hadi Machi, msimu uleule wa mayai na vifaranga. Kwa hiyo wale wanaoshuka wanabanana kwenye fukwe chache za Rasi, majina ni yaleyale, Neko Harbour, Cuverville, Half Moon, Whalers Bay pale Deception, na meli zinapangiana zamu kwa kompyuta ili zisionane. Hili la kutoonana naomba ulielewe vizuri. Wewe utatua pale asubuhi utajiona uko peke yako duniani, hakuna meli nyingine popote, utalia machozi kwa uzuri, na ni kweli ni uzuri. Ila saa nane mchana inakuja nyingine, kesho mbili tena. Ratiba imekupa upweke wewe mgeni, ndege wa pale hawajapewa. Sehemu kadhaa zina kikomo cha meli kwa siku na saa za usiku za kuwapumzisha wanyama, nashukuru kwa hilo, lakini kikomo cha msimu mzima kwa eneo zima hakipo.

Kwanini hakipo? Kwasababu nchi za mkataba zinaamua kwa kukubaliana wote, mmoja akigoma basi. Ile kanuni ya abiria 500 na watu 100 nchi ziliipitisha kama sheria mwaka 2009, lakini ili ianze kutumika inabidi ziidhinishe zote husika, na miaka mingi imepita huku ikishikiliwa na hiari ya makampuni zaidi kuliko sheria. Mwaka 2023 kwenye mkutano wao wa Helsinki walikubaliana waanze kutengeneza mfumo mmoja kamili wa kusimamia utalii, mazungumzo yakaendelea Kochi, India, 2024. Ni hatua nzuri. Lakini meli zinajengwa haraka kuliko mikutano inavyokwenda, na hiari ya makampuni ni nzuri mpaka siku itokee kampuni kubwa yenye pesa iseme mimi sijiungi na chama chenu.

Angalia visiwa vya Svalbard uone tofauti. Kule kaskazini mwa Norwei nako kuna mkataba wa kimataifa, wa mwaka 1920, ila ule uliipa Norwei mamlaka kamili, kuna mkuu wa kisiwa, kuna polisi, kuna faini. Walipoona meli zimezidi hawakuhitaji kumbembeleza mtu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 meli inayoingia maeneo ya hifadhi isizidi abiria 200, kushuka ndani ya maeneo hayo ni sehemu 43 tu zilizotajwa, na dubu weupe usiwasogelee chini ya mita 300, kuanzia Machi mpaka Juni mita 500 kwasababu ndo wanazunguka na watoto wadogo na kuwinda kwenye barafu. Makampuni yalipiga kelele sana. Mimi nilikuwa upande wa sheria na bado niko, maana Julai 2018 dubu alipigwa risasi kule baada ya kumshambulia mlinzi aliyeshuka kutoka meli ya kitalii kuandaa ufukwe kwa ajili ya wageni, na yule dubu alikuwa nyumbani kwake.

Wapo waliosema zile sehemu 43 zitachakaa kwa kukanyagwa, bora watu watawanyike wapite kila mahali kidogokidogo. Inaingia akilini ukiisikia mara ya kwanza, lakini sayansi ya kukanyaga imeonyesha kwa miaka mingi na kwenye nchi nyingi kwamba nyayo za mwanzo ndo zinaumiza zaidi. Watu mia wa kwanza kupita mahali ambapo hapajawahi kupitwa wanaharibu kuliko mia wengine wanaoongezeka kwenye njia iliyokwisha kupitwa na maelfu. Na kwenye baridi ile mmea unaota kidogo sana kwa mwaka, alama ya kiatu kwenye kijani cha Antaktika inakaa miaka na miaka. Kwa hiyo dada, kampuni ikikuahidi kukupeleka sehemu "ambayo hajawahi kufika mtu", ujue wanakuuzia ule uharibifu mkubwa kuliko wote. Chagua anayekupeleka kwenye sehemu za kawaida, zenye mwongozo wake uliopitishwa na nchi za mkataba, kwenye njia iliyowekewa bendera.

Mfano mwingine ninaoupenda uko Alaska, mto McNeil, ambapo dubu wa kahawia wanakusanyika kuvua samaki. Wanaingia wageni 10 tu kwa siku, kwa bahati nasibu, wanatembea na mlinzi, njia ileile, wanakaa palepale. Utaratibu huo umeanza 1973 na hakuna mgeni aliyeumizwa na dubu tangu hapo. Dubu wameshajua hawa viumbe wanakuja huku, wanakaa pale, wanaondoka. Kilichofanya kazi ni mtu mwenye mamlaka ya kusema kumi, na kumi na moja arudi mwakani ajaribu tena.

Sasa la meli. Rafiki yako ana hoja lakini ameishia nusu. Ni kweli meli kubwa haikanyagi. Ila hebu fikiria ikipata ajali. Tarehe 23 Novemba 2007 meli ndogo Explorer, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 maalumu kwa safari za namna hii, iligonga barafu karibu na visiwa vya South Shetland ikazama, watu 154 wakakaa masaa kadhaa kwenye boti za wazi, wote wakapona kwasababu bahari ilikuwa imetulia na kulikuwa na meli nyingine ya kitalii, Nordnorge, yenye nafasi ya kuwachukua. Septemba 2023 Ocean Explorer ilipanda mchanga kule Alpefjord, kaskazini mashariki mwa Greenland, ikiwa na watu 206, wakakwama siku kadhaa mpaka chombo cha utafiti wa uvuvi kilipokuja kuivuta. Hizo ni meli za watu mia mbili. Ukiweka watu elfu tatu kwenye maji yale, nani anawachukua, anawapeleka wapi, hospitali ipi? Kwenye maji yale ambulensi yako ni meli ya jirani. Ndo maana mafuta mazito yalipigwa marufuku kwenye bahari ya Antaktika tangu 2011, na tangu 2017 kuna kanuni maalumu za meli zinazoingia maji ya ncha za dunia, lakini kanuni haziongezi vitanda vya meli ya uokoaji. Chukua ya abiria 200 kushuka chini, ikiwezekana karibu na 100, maana hapo watu wote wanashuka pamoja bila kupeana zamu na wewe unapata muda mrefu ufukweni kwa safari chache za boti.

Na hewa chafu nisiifiche. Kufika tu Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina ambako meli nyingi zinaanzia, ni safari ndefu ya ndege, bado siku mbili za mlango wa Drake, ile bahari kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kwenda na mbili kurudi. Moshi unaangusha masizi meusi kwenye theluji karibu na sehemu wageni wanaposhukia, theluji ikiwa nyeusi inanyonya joto inayeyuka mapema, utafiti mmoja wa 2022 ulikadiria kila mgeni anaharakisha kuyeyuka kwa tani 83 hivi za theluji. Makampuni yanajibu kwamba ukirudi unakuwa balozi wa Antaktika. Ushahidi wa hilo ni mwembamba, watu wanarudi na hisia kali kweli, kisha maisha yanaendelea kama kawaida. Kwa hiyo usiende kwa sababu ya ubalozi. Nenda kwasababu unataka kupaona, mara moja, muda mrefu, na upunguze safari nyingine za ndege za miaka inayofuata, hiyo ni hesabu halisi ambayo unaweza kuifanya wewe mwenyewe.

Kama kinachokuvuta ni barafu na wanyama tu na sio lazima iwe kusini, fikiria Greenland. Kule kuna wenyeji, kuna vijiji, na hapo usimamizi una sura nyingine, kwasababu kijiji kama Ittoqqortoormiit kina watu wasiofika 400, meli moja ikishusha wageni mia mbili ni nusu ya kijiji nzima imeingia barabarani asubuhi. Unapofika mahali kama pale uliza kabla ya kupiga picha, usichungulie madirisha ya watu, nunua kitu, na uangalie kama kampuni imekubaliana na kijiji siku ya kuja au imetokea tu.

Ukibaki na Antaktika, kabla hujalipa waandikie kampuni. Waulize kama ni wanachama wa IAATO, meli ina abiria wangapi kamili na wangapi wanashuka kwa pamoja, waongozaji ni wangapi, kama wanapunguza mwendo mpaka noti 10 (kile kipimo cha mwendo wa meli) kwenye maeneo ya nyangumi, na wana shughuli gani za ziada, maana kulala kwenye mahema, kuteleza kwenye theluji, kupanda milima, kila moja inaongeza eneo linalokanyagwa na inahitaji tathmini yake. Mi ningekushauri uchukue safari yenye shughuli chache na siku nyingi. Kuhusu mwezi, Novemba na Desemba mapema ndege wako kwenye mayai, wakishtuka wakainuka, skua, yule ndege mwizi wa mayai, anashuka analichukua yai palepale, kwa hiyo kama huna haraka nenda Februari, vifaranga wamekua na nyangumi wako wengi, ila pengwini wakubwa wanaobadilisha manyoya wakati huo hawawezi kuingia majini na wamekaa na njaa, hao wape nafasi zaidi ya zile mita 5.

Swali la mwisho kwenye barua yako liwe la kibali: kimetolewa na nchi gani na kwa msimu upi, na tathmini ya mazingira ilikuwa ya ngazi ipi kati ya ngazi tatu za Itifaki ya Madrid, kuanzia ya awali mpaka ile kamili. Kampuni ya kweli itakujibu kwa mistari miwili mitatu bila kuzunguka, nyingine zitakutumia mpaka nakala. Ukijibiwa kwamba hayo ni mambo ya ofisini wewe usijali, usilipe, tafuta nyingine.